Dola Kumi Kiotani

Masika ya mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa, gari la mgeni lilikwama kwenye tope la barabara ya Namawala. Hilo peke yake si la kusimuliwa. Magari hukwama pale kila masika, na vijana wa pale wana utaratibu wao: wawili wanachimbua tope kwa jembe, mmoja anakata matete ya kutandika chini ya matairi, wanne wanasukuma, na mmoja ambaye hagusi chochote ndiye anayepanga bei. Gari lilipotoka, mgeni alifungua pochi, akawahesabia shilingi zao, akawashukuru kwa Kiswahili cha kitabuni, akaenda zake. Katika kuhesabu kule, karatasi moja ilimponyoka ikatua kwenye majani. Vijana hawakuiona. Mnana aliiona.

Huyu ni mnana wa Kilombero hasa, yule wa manjano ambaye hapatikani penginepo duniani na ambaye wataalamu walimwingiza rasmi kwenye vitabu vyao mwaka 1990. Yeye mwenyewe hana habari na heshima hiyo. Kilichomsumbua siku ile ni nyumba. Kwa wanana, dume ndiye fundi na jike ndiye mkaguzi. Dume anasuka kiota juu ya matete, jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo moja moja, na akikuta fundo limelegea anaruka zake bila hata kuaga. Mnana wetu alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Alipoiona ile karatasi, rangi yake kijani kidogo na chungwa kidogo, akasema hii ndiyo itakayonitoa kimasomaso. Akaibeba, akaitoboa pembeni kwa mdomo matundu matatu, akaishonea mlangoni.

Ilikuwa noti ya dola kumi za Kimarekani.

Adhuhuri habari zilikuwa zimefika hadi kwa mamba, ambaye kwa kawaida huletewa habari zikiwa zimeshapoa. Kikao kikaitwa chini ya mkuyu, penye kidimbwi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko, kwa sababu kidimbwi ni chake na hakuna aliyejitolea kumwambia asiwe. Katibu alikuwa Nyani, ambaye amewahi kula mahindi ya shamba la shule na tangu siku hiyo anahesabiwa msomi.

Nyani alipanda juu ya matete, akaisoma noti kwa sauti, mbele na nyuma. "Huyu pichani," alisema, "ni rais wao."

Nyani alikosea. Yule ni Alexander Hamilton, hakuwa rais hata siku moja. Alikuwa waziri wao wa kwanza wa fedha, na alikufa mwaka 1804 baada ya kupigwa risasi na makamu wa rais katika pambano la wao wawili. Lakini kikaoni hakuna aliyepinga. Kichwa kikishakaa kwenye noti, watu wote hukipa urais.

Wa kwanza kuingiwa na hofu alikuwa Ng'ombe. Wazee wake walikuja bondeni na Wasukuma kutoka nchi ya pamba, na tangu wafike hawajawahi kuletewa karatasi ya heri. "Karatasi yenye kichwa na sahihi ni faini," alisema. "Mwaka 2012 serikali ilipokuja kututoa bondeni, kila karatasi iliyopita mkononi mwa bwana wangu ilikuwa na muhuri, na kila ilipopita, wenzangu watatu waliuzwa. Wandugu, hii irudishwe ilikotoka kabla hawajaja kudai risiti."

"Tulia, shemeji," alisema Sheshe. "Hii mimi naijua. Hii ni bei."

Hapo kila mtu alinyamaza, maana Sheshe akisema bei, anasema kwa uchungu. Zamani sehemu kubwa ya sheshe wote duniani ilikuwa ikilisha kwenye mbuga hizi za Kilombero. Waliobaki siku hizi unaweza kuwataja kwa majina. Akaeleza kwamba kwenye vitalu vya uwindaji kila mnyama ana kiwango chake, kimeandikwa kwenye orodha ya serikali, na kimeandikwa kwa dola, si kwa shilingi. Mwindaji anashuka na ndege, analipa, anapiga, anaondoka na kichwa cha kutundika ukutani. "Ndiyo maana nikiiona dola najiangalia pembe," alisema. "Ila hii ni ndogo. Dola kumi hainunui hata sikio langu. Mimi ni mamia."

"Na mimi?" aliuliza Mzee Kiboko, kama mtu ambaye hajali.

"Wewe ni mamia mengi zaidi, mzee."

Kiboko aliachia maji puani kwa kuridhika.

Basi Bundi, aliyekuwa amelala wakati wote huo kwenye tawi, akafungua jicho moja. Bundi hukaa kwenye dari ya gesti moja mjini Ifakara na huja Namawala kutembelea jamaa. Yule mgeni alikuwa amelala chumba cha chini ya dari hiyo, na usiku alizungumza na simu muda mrefu. "Kwao," alisema Bundi, "dola kumi ina maana moja tu. Ni chandarua. Na chandarua ni roho ya mtoto. Nimemsikia kwa masikio yangu: dola kumi, roho moja."

Bundi hakutunga. Mwaka 2006 mwandishi wa michezo wa Marekani, Rick Reilly, aliwaomba wasomaji wa jarida la Sports Illustrated watoe angalau dola kumi kila mmoja ili mtoto wa Afrika apate chandarua. Watu wakatoa, wakahamasishana mashuleni na makanisani, na toka hapo dola kumi ikashikamana na chandarua kama jina na ubatizo. Ukimtajia Mmarekani wa kawaida dola kumi, anaweza kukumbuka sahani ya chakula cha mchana, au tiketi ya sinema. Mtajie dola kumi na Afrika pamoja, anamwona mtoto amelala chini ya wavu mweupe. Sijui kama yupo mtu wa Namawala aliyeulizwa yeye anaona nini.

Nyani, kwa kuwa ni katibu, alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. "Ngoja kwanza. Roho ya mtoto wa hapa kijijini ni dola kumi?"

"Kuiokoa," alisema Bundi.

"Na roho ya Mzee Kiboko ni mamia mengi?"

"Kuitoa."

"Kwa hiyo kuua ni ghali kuliko kuokoa."

"Ghali mara nyingi. Na foleni ya kuua haijawahi kukatika."

"Wateja ni walewale?" aliuliza Sheshe.

"Wanashukia uwanja mmoja," alisema Bundi, akafumba jicho.

Ungetegemea kikao kihuzunike. Mzee Kiboko alijinyoosha akapanda juu ya maji hadi mabega yakaonekana. Hajawahi kuona fahari kama ile. Miaka yote watoto wa Namawala walikuwa wakimrushia mawe anapoingia kwenye mpunga wao usiku, wakipiga madebe, wakimtukana mama yake. Leo ameambiwa kwa mahesabu kwamba akiwa amekufa anawazidi wao wakiwa hai, na tena kwa fedha za kigeni. Akaagiza hilo liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyo.

Liliandikwa.

Kutoka kidimbwini sauti ikasema, "Na mimi naomba niseme, wazee wangu." Alikuwa Mama Kambale. Ni mara chache anaongea, maana akitoa kichwa nje ana hatari zake. "Hicho chandarua mnachokisema mimi nakifahamu. Kiangazi kilichopita maji ya bwawa letu yalibaki ya kufika magotini. Wakaja watoto wawili wameshika chandarua huku na huku, cha bluu, bado kinanuka dawa. Wavu wa mvuvi una adabu. Tundu lake linamshika mkubwa, mdogo linamwacha akakue. Kile hakimwachi mtu. Kilizoa wanangu na mayai yao na uchafu wa chini, vikaanikwa vyote pamoja kwenye mkeka. Ikiwa dola kumi ni roho moja, basi mwandike na idadi ya zilizotolewa. Mimi nilihesabu mpaka nikachoka."

Hakuna aliyepata la kumjibu. Sheshe alitazama pembeni. Nyani aliandika "Mama Kambale alichangia", akaweka nukta.

Ndipo akafika Bibi Mbu, amechelewa, kwa sababu mchana ana kazi ya kulala kwenye kuta za vyumba vyenye giza. Alitua kwenye pembe ya Ng'ombe, akajifuta miguu. Bibi Mbu ni mwembamba, mweusi, mzee wa heshima, na alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: hakuwa na hofu wala tamaa. Alikuwa amekuja kupokea shukrani.

"Mnabishana kuhusu hela yangu," alisema.

Kikao kikacheka.

"Chekeni. Mimi ndiye niliyeuweka mji wa Ifakara kwenye ramani ya dunia. Waswisi walifungua maabara yao miaka ya 1950, mnadhani walifuata mchele? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walikuja hapahapa Namawala wakanihesabu usiku kwa usiku. Walikuta mtu mmoja kwa mwaka mmoja anaumwa zaidi ya mara 300 na mbu mwenye vimelea. Mia tatu! Ni karibu kila usiku wa Mungu. Nani kati yenu ana kumbukumbu ya kazi namna hiyo? Hesabu hiyo ikachapishwa, ikasomwa huko kwao, na hela zikaanza kuja."

Akawaeleza jinsi alivyokuwa akihesabiwa, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu wengi mliokua mijini hamjaona. Mtu anakaa kwenye kigoda usiku kucha, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi. Analipwa kukaa hivyo. Mbu anatua kwenye muundi wa mguu, na kabla hajachomeka mdomo, yule mtu anamwelekezea kimrija, anavuta pumzi, mbu anaingia ndani ya mrija mzima mzima, anamwagwa kwenye kikombe cha karatasi kilichozibwa kwa wavu. Kikombe cha saa mbili, kikombe cha saa tatu, mpaka alfajiri. "Mguu wa binadamu ukilipwa ili mimi nitue juu yake," alisema Bibi Mbu, "mwajiri ni nani hapo, yule mwenye kitabu au mimi?"

"Lakini vyandarua vimekumaliza, bibi," alisema Nyani.

Bibi Mbu alikunja bawa. Alikiri kwamba aliumia. Mwaka 1997 vilipoanza kuuzwa vyandarua vya Zuia Mbu hapa Kilombero na kule Ulanga, wataalamu walipima wakaona watoto wanaolala humo wananusurika kwa asilimia 27 zaidi. Mwaka 2004 serikali ikaja na Hati Punguzo kwa wajawazito, halafu vya bure. Dada yake Gambiae, aliyekuwa mkuu wa ukoo, karibu atoweke kabisa bondeni. "Nimebaki mimi Funestus. Dawa yao nimeizoea. Siku hizi vimelea vingi vinavyosambazwa huku ni kazi yangu. Kwa hiyo dola bado zinakuja, na zinakuja kwa jina langu. Nikifa leo, mgeni gani atakwama kwenye tope la Namawala?"

Hilo swali liliingia vibaya. Hata vijana wa kusukuma magari wangelisikia lingewaingia.

Mnana dume, mwenye noti, alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu mwanzo. "Samahanini," alisema. "Hili ni pambo la mlango." Hakuna aliyemsikia. Ni kawaida. Aliyeiokota hela ndiye wa mwisho kuulizwa.

Ikakubaliwa noti ibadilishwe, zipatikane shilingi 23,000 hivi kwa bei ya mwaka ule, wagawane. Maombi yakasomwa. Ng'ombe alitaka akiba ya faini. Mama Kambale alitaka kifuta machozi. Kiboko alitaka posho ya mwenyekiti. Bibi Mbu alitaka asilimia, hakusema ya nini. Nyani alipojumlisha, ikazidi dola kumi kabla hajafika kwa Sheshe. Akatumwa yeye Ifakara pamoja na Kunguru, Kunguru akiwa mshika fedha kwa sababu alisema mwenyewe kwamba hajawahi kuiba.

Walifika mchana. Mwaka ule maduka mengi ya kubadilishia fedha nchini yalikuwa yamefungwa na serikali, kwa hiyo zilibaki benki. Kwenye dirisha la benki moja, ambayo sitaitaja, dada mwenye kitambaa shingoni alimtazama Nyani juu ya miwani.

"Kitambulisho?"

Nyani hakuwa na namba ya NIDA. Alionyesha mkia. Dada akasema afadhali hata barua ya mtendaji wa kijiji.

Kunguru akaiweka noti dirishani ili mambo yaende haraka. Dada aliishika kwa ncha mbili, akaiinua kwenye taa, akaigeuza. "Hii ni noti ndogo. Ndogo tunachukua kwa bei ya chini, mia ndiyo inapata bei iliyoandikwa pale ubaoni."

"Mbona zote ni za Marekani?" aliuliza Kunguru.

"Ndivyo ilivyo, kaka. Na hii ina matundu. Moja, mawili, matatu. Yenye matundu hatupokei kabisa."

"Huko kwao inaokoa roho ya mtoto," alisema Nyani.

"Hapa inahitaji iwe safi," alisema dada, akaita namba inayofuata.

Nje, chini ya mwarobaini, kijana mmoja mwenye kibegi cha kiunoni aliwaita. Alitoa 12,000. Walipokataa akashuka hadi 10,000, akawaambia wakifikiria zaidi ataona aibu kuwatajia. Nyani na Kunguru walirudi Namawala na noti yao, wamelowa, wana njaa. Na hapo nikiri kwamba sipendi sehemu hii ya hekaya, kwa sababu ndiyo ambayo msimuliaji hakulazimika kutunga. Ukiwa na ndugu ughaibuni anayekutumia noti ndogo ndani ya kadi ya pongezi, unajua.

Kikao cha pili kilifanyika jioni. Noti iliwekwa juu ya kisiki, wote wakaizunguka. Sasa ilikuwa na matundu matatu, mikunjo minne na harufu ya mfuko wa Kunguru. Kiboko alisema bado ni mali. Sheshe alisema bei yake hata hivyo haikuwa ya mtu yeyote pale. Bundi alisema mgeni ameshaandika kwao kwamba safari imekwenda vizuri na kijiji kimefurahi. Bibi Mbu hakuwepo. Giza likianza kuingia ana mambo yake, naye huuma usiku wa manane, watu wakishazama usingizini, hao ambao chandarua chao kimetoboka au kimekwenda bwawani.

Wakiwa bado wanabishana, Ng'ombe alisogea. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo ingewatia wasiwasi kama wangekuwa wanamtazama. Akanusa ile karatasi. Akailamba mara moja. Akasimama, akalamba tena, masikio yakaenda nyuma.

"Jamani," alisema taratibu, "hii ni pamba."

Alisema kweli. Noti ya dola si karatasi ya mti. Robo tatu ni pamba, robo ni kitani. Na Ng'ombe wa Kisukuma, ambaye bibi yake alilelewa kwa mashudu ya pamba kiangazi ambapo nyasi zote zilikauka, hawezi kukosea ladha ile. Kwa miaka yote bondeni alikuwa ameogopa karatasi. Hakuna aliyewahi kumwambia zinatengenezwa na nini.

Akaichukua kwa ulimi, akaitafuna. Hamilton alikwenda wa kwanza, jengo la hazina lililoko nyuma likafuata. Kunguru alipiga kelele, Nyani alishika pembe, Kiboko akaamuru kwa mamlaka ya kiti itapikwe. Ng'ombe alikuwa ameshameza. Baada ya saa moja ilirudi mdomoni pamoja na nyasi, akaicheua macho yamefumba, kikao kizima kikitazama dola kumi ikipita mara ya pili na kuteremka.

Nyani alimaliza muhtasari kwa mwanga wa mwezi. Kwenye mstari wa matumizi alifikiri sana, kisha akaandika: "Mashudu."

Siku ya pili mnana jike alikuja. Aliingia kiotani, akavuta nyuzi moja moja, akafika mlangoni palipokuwa na noti. Kulikuwa na pengo. Akalipima kwa kichwa, akatoka, akarudi na jani la nyasi, akaanza kulifuma mwenyewe. Dume alikaa pembeni kimya, na kwa mara ya kwanza tangu masika ianze hakuna aliyemfuata kumuuliza kitu.

Na wewe msomaji, ukipita njia hiyo mvua zikiwa nyingi, gari likakwama, usione taabu. Walipe vijana kwa shilingi, papo hapo, bila kupunguza. Halafu ifunge pochi vizuri kabla hujarudi garini, maana yule Ng'ombe bado analisha upande wa kushoto wa barabara, na sasa ameshaonja.